Plagi Nne za Mchungaji Elia

Vijana wa gereji yetu ya Chapwa, hapa Tunduma, mmenisumbua tangu siku ya kuniaga: "Mama Tumaini, andika mawili matatu kabla hujasahau." Nimestaafu, sijazeeka akili. Kilichogoma ni vidole. Fundi asiye na vidole anabaki kuwa mshauri, na washauri mpakani hapa tunao wa kutosha kujaza lori. Basi naandika, mkae mtulie.

Vyeo nitaviruka, maana kwenye gereji ile cheo kilikuwa kimoja tu, kushika ufunguo wa kabati la spana. Mshahara nao tuuache hivyo hivyo. Mkiujua, kesho hamji kazini.

Siku ya kwanza nilifika nimevaa sketi ya kanisani, sikuwa na nyingine. Fundi mkuu alikuwa Mzee Sinkala, mtu mfupi, mnusa ugoro, mwenye kiburi cha jogoo. Nilipomwambia nimekuja kujifunza ufundi, alichungulia nyuma yangu kutafuta kaka niliyemsindikiza. Alipokosa, akanitupia plagi ya gari aliyokuwa amekwisha kuitoa.

"Soma," akasema.

Nikaigeuzageuza, nikasoma kwa sauti herufi na namba zilizochapwa kwenye kauri. Mafundi walicheka mpaka mmoja akakalia ndoo ya oili chafu. Mzee hakucheka. Akaichukua plagi, akaigeuza upande wa ncha, ule unaokaa ndani ya silinda, akanisogezea puani.

"Huku ndiko kwa kusoma. Hii ni ulimi wa injini. Ukienda zahanati daktari anakwambia toa ulimi, hakuulizi habari za shangazi yako."

Kwa hiyo nikajifunza kusoma ndimi. Ncha yenye rangi ya chai ya maziwa, injini ina afya. Nyeusi ya masizi makavu, inakula mafuta kuliko inavyofanya kazi. Watu wa namna hiyo mnawajua. Nyeusi yenye utelezi, oili inapenya kwenye pistoni, mwandae mwenye gari kisaikolojia. Nyeupe kama chokaa, injini inaungua, izime mara moja hata kama mwenye gari anasema ana haraka. Kila plagi ikitoka, weka kwenye mstari kwa mpangilio wa silinda zake. Ukizichanganya kwenye kopo umechanganya ndimi za wagonjwa wanne, na hutajua nani anaumwa nini.

Mzee alinifundisha na kuzifufua. Mnaujua utaratibu, msijifanye watakatifu, bado mnaufanya nikigeuka. Plagi zinaoshwa kwa petroli, zinawekwa kwenye kopo la dagaa, zinawashwa moto. Zikipoa, brashi ya waya, halafu msasa, halafu unapima uwazi wa ncha kwa kipande cha msumeno wa kukatia chuma. Kipande kikipita kwa kukwaruza kidogo, plagi imefufuka. Kila fundi wa Tunduma alikuwa na kipande chake mfukoni, na wengine walikitumia pia kuchokonoa meno. Kwa malori ya zamani na pikapu za kubeba kahawa kutoka Mbozi, utaratibu ule ulifanya kazi vizuri kabisa. Plagi moja iliweza kufa na kufufuka mara tano. Nilipata mkono mwepesi wa kazi hiyo, na mji ukaanza kuniita Mama Plagi. Jina lilinipendeza kuliko inavyompasa Mkristo.

Mzee Sinkala alifariki akiwa anaamini kwamba hakuna plagi mbovu, kuna fundi mvivu tu. Nilimwamini mpaka magari yakabadilika.

Magari yenyewe mlikuta yamekwisha zoeleka. Sisi tuliyaona yakianza kupita kutoka bandarini kwenda Zambia, yakisubiri karatasi zake foleni nzima: ya Kijapani, ya chini chini, yana turbo, yana tundu la kuvutia hewa juu ya boneti. Baadaye yakaanza kubaki. Mtu anauza mahindi, ananunua gari la mashindano ili akanunulie mahindi mengine.

Turbo ni feni inayosukumia injini hewa kwa nguvu. Injini ya kawaida inapumua, hii inalishwa kwa lazima kama mtoto anayekataa uji. Hewa ikiwa nyingi na imebanwa, cheche inapata taabu kuruka kutoka ncha moja ya plagi hadi nyingine. Ukiongeza nguvu zaidi kwa kompyuta, taabu inazidi. Ndiyo maana gari lililoongezewa nguvu linataka plagi za baridi, yaani zinazotoa joto haraka, na uwazi mdogo kuliko ulioandikwa kwenye kitabu. Tena zinachakaa mapema. Plagi ambazo kwa gari la mwalimu zingefika kilomita laki moja, hapa zikifika elfu ishirini zishukuru Mungu. Haya yote nayajua leo. Wakati ule nilijua nusu yake, na nusu ndiyo inayoua injini.

Aliyeyajua yote alikuwa Mutale. Alikuwa Mbemba wa ng'ambo, Nakonde, ameoa binti wa baba yangu mdogo, kwa hiyo ni shemeji yangu. Aliniita mulamu, ambalo kwao ni neno hilo hilo. Alikuwa na kontena nyuma ya soko, kompyuta moja yenye ufa kwenye kioo, na nyaya. Anachomeka waya chini ya usukani, anaandika upya jinsi injini inavyopewa mafuta na hewa, maandishi aliyoyaita mapu, gari linatoka hapo limekuwa mnyama. Wateja wake wengi walitoka upande wetu, maana Nakonde penyewe hawakuwa wa kumtosha kulisha watu sita. Mafundi wa Tunduma tulimcheka kwamba hachafuki mikono. Tulimwonea wivu, ndiyo habari yenyewe.

Sasa Mchungaji Elia. Kanisa lake lilikuwa karibu na gereji, la mabati, lenye vipaza sauti vikubwa kuliko waumini. Mchungaji alihubiri unyenyekevu, ila gari lake lilikuwa na ekzosi mbili. Alilinunua ili awahi ibada ya tawi la Isongole, kule Ileje, na tangu barabara ya Mpemba iwekwe lami aliwahi mno. Alimpelekea Mutale aliongezee nguvu, "kidogo tu, kwa ajili ya milima." Miezi miwili gari likapaa, na mchungaji akawa anafika Isongole kabla ya mpiga kengele.

Jumamosi moja akaniletea kwa sevisi. Injini ya gari lile imelala, plagi ziko ubavuni, mbili huku mbili kule, mahali ambapo mkono wa mwanaume mnene hauingii. Mkono wangu uliingia. Nikazitoa, zikawa zimevaa masizi kidogo. Ncha ya katikati ilikuwa nyembamba kama sindano. Nilikuwa nimesikia kuna plagi za iridiamu, madini magumu na ghali. Nikajiambia, kama ni ngumu, basi msasa hautaziumiza.

Nikaziosha, nikazichoma, nikazipiga brashi ya waya, nikazipiga msasa mpaka zikang'aa. Kisha nikakumbuka mtu aliwahi kusema gari za kisasa zinataka uwazi mpana. Kwa hiyo nikashika vipande viwili vya msumeno pamoja, badala ya kimoja, nikapima. Nilijiona msomi. Nikazifunga, gari likawaka kwa mlio wa paka aliyeshiba. Mchungaji akaniombea baraka pale pale.

Jumapili akaondoka na wanakwaya wanne. Gari likaenda vizuri mpaka kilima cha kwanza. Alipokanyaga, turbo ikasukuma hewa, na cheche zikashindwa kuruka ule uwazi wangu wa kisomi. Gari likaanza kumisi, yaani kuruka mapigo, likakohoa, likapiga risasi kwenye ekzosi mpaka mbuzi wa watu wakakimbia. Wanakwaya wakashuka kusukuma, wamevaa majoho ya bluu. Walifika Isongole ibada imekwisha, sauti ya kwanza na ya pili zote zimekauka.

Mchungaji hakunifikiria hata kidogo. Angenifikiriaje, Mama Plagi? Alimfikiria mtu wa kompyuta. Jumatano kwenye maombi akasema kwenye kipaza sauti: "Ndugu zangu, kuna kijana wa ng'ambo anaharibu magari ya watu kwa kompyuta. Namtaja ili mjue. Ni Mutale. Msimpelekee." Kanisa lile lina wafanyabiashara, madereva, mawakala wa mpakani. Kufikia kesho yake asubuhi, mji mzima ulijua.

Lakini mimi nilikuwa nimekwisha kujua tangu Jumanne. Gari lilivutwa hadi gereji, nikatoa plagi ya kwanza, nikaigeuza upande wa ncha. Ile sindano ilikuwa imeliwa upande, imebaki kisiki. Kauri iliyoizunguka ilikuwa na mistari ya kijivu ya brashi yangu ya waya, na umeme unapenda kupita kwenye mistari hiyo kuliko kuruka. Nikazitoa zote nne. Zote zilisema jambo moja, na jambo lenyewe lilikuwa jina langu. Sikuhitaji Mzee Sinkala anifasirie.

Nikazifunga kwenye kitambaa, nikazitia kwenye mkoba wangu. Nikaagiza mpya Mbeya, kwa mtu ninayemwamini, maana za bandia zilikuwa zimejaa, kopo zuri ndani takataka. Mchungaji alipouliza, nikamwambia nasubiri vipuri. Si uongo. Ndivyo nilivyojiambia, si uongo.

Mke wa Mutale akanipigia simu Jumatano ile ile baada ya maombi. Niliangalia jina lake kwenye kioo mpaka likazimika. Nilijua atakachouliza.

Alhamisi Mutale mwenyewe akavuka, kompyuta kwapani. Alitoka kwa mchungaji, ambaye alimkataza hata kugusa mlango wa gari lililokuwa kwetu gereji. Wateja watatu walikuwa wamempigia kusema hawaji tena, na mmoja alitaka amrudishie gari lake kama lilivyotoka kiwandani. Alisimama kwenye mlango wa gereji, amenyooka, mtu anayejitahidi asiombe.

"Mulamu," akasema, "ile mapu nimeiangalia mara kumi. Haina shida. Wewe umezitoa plagi. Zikoje?"

Mkoba ulikuwa begani kwangu. Mafundi wawili walikuwa karibu, wanasikiliza.

"Ziko kawaida tu," nikasema.

Akaniangalia. Fundi anamjua fundi. "Kawaida?"

"Kawaida tu, shemeji."

"Ee mukwai," akasema, yaani haya, kwa heshima, na akarudi mpakani kwa miguu. Niliona aibu iliyonichoma kuanzia shingoni. Sikumwita. Nilishika spana nikajifanya nina kazi.

Plagi mpya zilifika Ijumaa jioni. Jumamosi asubuhi, injini ikiwa baridi kama inavyotakiwa, nikazipima kwa vile vibati vya kupimia vyenye namba, nilivyoviazima kwa fundi wa Vwawa, si kwa msumeno. Nilipinda mguu wa nje tu, taratibu. Ile sindano haiguswi kamwe, hata kwa ukucha. Nikaanza kuzifunga kwa vidole mpaka zikakaa, ndipo nikashika spana, na sikukaza kwa hasira. Kichwa cha injini ni aluminiamu, ukiua nyuzi zake umeua mchana wako. Tukaenda na mchungaji hadi kule kwenye kilima. Akakanyaga. Gari likapanda kama halijawahi kukohoa maishani.

"Haleluya!" akapiga kelele. "Shetani ameshindwa!"

Nikatamani kumwambia shetani yuko kiti cha abiria, amefunga mkanda. Sikusema. Mniandikie pia hilo.

Jumapili nikaenda kanisani kama kawaida. Ukafika wakati wa ushuhuda. Mchungaji akasimulia jinsi mtu wa kompyuta alivyokusudia mabaya, jinsi gari lilivyofunguliwa, halafu akaninyooshea mkono. "Mama Plagi, njoo uwashuhudie watu jinsi Mungu alivyokutumia kumshinda."

Nikatembea hadi mbele.

"Bwana Yesu asifiwe."

"Amina!"

"Nimetenda dhambi," nikasema.

Wanawake wa mbele wakakaa vizuri. Mmoja akafunga kitabu cha nyimbo. Nikajua wanatarajia jina la mwanaume.

"Nilipiga msasa."

Mzee wa kanisa akauliza, "Msasa wa nini, dada?"

Nikafungua mkoba, nikatoa kile kitambaa, nikainua plagi moja juu. Nikawaeleza. Brashi ya waya, moto, msumeno, vipande viwili badala ya kimoja. Niliwaambia kompyuta ya Mutale haikuwa na kosa lolote, kosa lilikuwa la mikono hii, na nilijua tangu Jumanne. Benchi la tatu kulia walikaa mafundi watatu wa mjini. Waliniangalia kama nimewavua nguo, kwa sababu hakuna hata mmoja ambaye hakuwa na kopo la dagaa nyumbani kwake.

Mchungaji akapokea kipaza sauti. "Dada, huu ni ushuhuda wa roho au wa injini?"

"Kwa gari lako, Mchungaji, ni vigumu kutenganisha."

Watu wakacheka, naye akacheka, akafurahi kwamba jambo limekuwa jepesi. "Basi tumsamehe dada yetu. Tuingie kwenye matangazo."

Sikuondoka. Nilikuwa nimekwisha kuharibikiwa, sikuwa na cha kulinda tena.

"Mchungaji, ulimtaja kwa jina kwenye hicho kipaza sauti. Mtaje tena humo humo."

Kicheko kikakatika. Alinitazama muda mrefu, na nakiri nilidhani atanitoa nje. Kisha akasema, si kwa sauti ya mahubiri bali ya mtu wa kawaida: "Nilimsema Mutale vibaya. Sikuuliza. Niliyoyasema si kweli, nayafuta." Tangu siku hiyo nimemheshimu, ekzosi mbili na yote.

Jumatatu gereji ilijaa magari kuliko siku zote. Kila mwenye gari alitaka atolewe plagi zake azione kwa macho, na mafundi wenzangu waliniwekea mgomo wa chai kwa wiki mbili. Sikujali. Asubuhi hiyo niliomba ruhusa, nikavuka kwenda Nakonde. Sikutaka Mutale ayasikie kwa watu. Nilitaka ayasikie kwangu.

Kontena lilikuwa na kufuli. Pembeni kulikuwa na mama anayeuza vitenge, nikamuuliza.

"Baliya, mama. Wamekwenda," akasema. "Ndola. Waliondoka Jumamosi na vitu vyote. Huku kazi iliisha."

Jumamosi. Mimi na mchungaji tukiwa kilimani tunapiga haleluya, wao walikuwa wanafunga magodoro kwenye lori.

Nikampigia pale pale, nimesimama mbele ya kufuli. Alipokea haraka.

"Mulamu," akasema.

Nikamwambia yote, bila kupamba. Plagi, mkoba, kanisa, mchungaji kufuta maneno yake. Nikamwambia anaweza kurudi, mji umejua. Nyuma yake nilisikia watu wakiburuta kitu kizito kwenye sakafu, na sauti ya ndugu yangu ikiuliza sufuria ziko wapi.

"Ulijua siku gani?" akauliza.

"Jumanne."

"Mimi nilikuuliza Alhamisi."

"Ndiyo, shemeji."

"Awe," akasema polepole, hapana ya kwao, lakini hakuwa anakataa chochote. Nililia, na sikujificha, yule mama wa vitenge aliona. Nikamwambia naomba anisamehe. Hakujibu hilo.

"Gari liko vipi sasa?" akauliza. "Uliweka plagi za baridi?"

"Za baridi."

"Uwazi?"

"Milimita pointi sita tano."

"Hiyo iko sawa kwa mapu yangu. Usiupanue tena." Akakohoa kidogo. "Mwambie mchungaji azibadilishe kila kilomita elfu ishirini. Asingoje mpaka limisi. Na mafuta ya kwenye madumu asitumie, yatatoboa pistoni."

Nikasema nitamwambia. Akakata simu. Hakurudi upande wetu tena, na sina haki ya kumlaumu.

Jioni nilipita kwa mchungaji nikampa maagizo yote kama yalivyo: kilomita elfu ishirini, asingoje mpaka limisi, asitumie mafuta ya kwenye madumu. Akayaandika kwenye karatasi, kisha akaniuliza kama hayo nimeyatoa kichwani mwangu au kuna mtu kaniambia.

"Kaniambia fundi wa gari lako," nikasema.